Kilio Katika Ukumbi wa Dansi

Wiki chache zilizopita nilipita nyuma ya karakana moja ambako wanawake hutia vitambaa rangi. Sufuria zilikuwa mekoni, mvuke ulikuwa umetanda chini ya paa la bati, na harufu ya rangi ya unga iliyochemshwa na chumvi ilinifikia kabla sijaona chochote. Si harufu nzuri. Ina uchungu kidogo, hushika kooni, na mtu aliyeivuta asubuhi huweza kuikuta bado ipo kwenye mate yake wakati wa chakula cha mchana. Msichana aliyekuwa akikoroga aliniuliza kama nilihitaji kitambaa. Nilimjibu kwamba nilikuwa napita tu, lakini nikabaki nimesimama pale, nikiitazama ile sufuria kwa muda ambao lazima ulimtia wasiwasi, kwa maana aliacha kukoroga akamwita mwenzake.

Nilikuwa namtazama baba mdogo Ambakisye akitia shati lake rangi nyeusi katika jiko la Bibi, huko kwetu Mpuguso, katika siku za msiba wa Bibi mwenyewe.

Alikuwa kitinda mimba wa Bibi, mdogo wake baba yangu, kijana mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo kwa mazoea ya kupita milango mifupi. Wenzake walipohamia Mbeya au kujenga kwao, yeye alibaki nyumbani kwa mama yake. Alimlimia migomba, alimchotea maji, na alipougua alimbeba mgongoni hadi barabarani kila alipotakiwa kupelekwa hospitali. Ilikuwa inajulikana, wala hakuna aliyehitaji kulisema, kwamba siku ya kuondoa matanga wazee wangemketisha Ambakisye kwenye mkeka wa marehemu, na kwamba nyumba ile pamoja na migomba yake ingekuwa yake. Hakuwa na kitu kingine duniani. Nalisema hili mapema kwa sababu yote yaliyofuata yalihusu mkeka huo.

Alifanya kazi katika kiwanda cha chai, kwenye chumba cha mashine za kusokota majani. Mtu akisimama humo huongea kwa mikono. Jioni alirudi akiwa na vumbi la chai kwenye nyusi na ngurumo masikioni, akatuambia kwamba hata akilala mashine zinaendelea. Mama alimhurumia kwa hilo. Jambo ambalo hakuna aliyelielewa ni muziki wake.

Muziki huo aliupata katika mtumba. Alinunua koti kuukuu kwenye soko la Tukuyu, akatia mkono mfukoni, akakuta kaseti. Karatasi yake ilikuwa imefutika, haikuwa na jina la bendi wala la wimbo. Aliitia katika redio ya Bibi, na ikatoka sauti ambayo Bibi, aliyekuwa akimenya viazi, aliidhania kuwa ni redio inakufa. Yalikuwa magita yenye mkwaruzo wa msumeno unaopasua ubao mbichi, ngoma zisizotulia, na mtu aliyenguruma badala ya kuimba. Baba mdogo alikaa chini. Baadaye, nilipomuuliza anapenda nini humo, alinijibu kwa makini, kama alivyonijibu siku zote bila kuupima umri wangu.

"Kuna mtu mahali fulani, mama, amesikia ninachosikia mimi kule kiwandani, akakitungia wimbo."

Tangu siku hiyo hakusikiliza kingine. Betri zilipokufa alizianika juani juu ya jiwe, zikapata uhai kidogo, akasikiliza nusu ya upande mmoja, kisha akazianika tena. Vijana wa kijiji walimwita Radi. Majirani walidai amejiunga na mashetani. Bibi peke yake hakumkemea. Bibi alisema kelele hizo zilimkumbusha mazishi ya zamani.

Hapa inanibidi kueleza kidogo. Bibi alizaliwa wakati ambapo katika nchi yetu ya Rungwe mtu hakuzikwa kimya. Alinisimulia mara nyingi mazishi ya baba yake: ngoma kubwa zilivyopigwa kando ya kaburi lililo wazi, wanaume walivyoruka na kukanyaga ardhi kwa nguvu wakiwa na mikuki mikononi, majasho yakiwatoka, wakigongana, na wanawake wakipita katikati yao wakilia, vibwebwe viunoni. Huzuni, alisema, ilikanyagwa mpaka ikalainika. Na kilio kilikuwa na sheria yake: mtu akilia, aliyesikia hakuruhusiwa kukaa kimya, awe ndugu au mpita njia. Baadaye kanisa lilizikataa ngoma hizo, na watu wakazikwa kwa nyimbo za kitabuni. Bibi alikwenda kanisani kila Jumapili na hakuona mgongano wowote katika hilo, ila siku moja, akiota moto, aliwaambia wanawe wa kiume wote wawili: "Mimi mkinizika kimya kimya kama watu wanaoiba ndizi, nitarudi niwasumbue." Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alicheka. Baba mdogo hakucheka.

Walimzika kwa nyimbo. Zilikuwa nyimbo nzuri, na kwaya ilijitahidi licha ya mvua. Wanawake walilia kwa kiasi, wakanyamazishwa kwa sala. Baba mdogo alishika koleo, akafukia, akasawazisha udongo kwa mgongo wa koleo, na uso wake haukuwa na kitu. Watu waliliona hilo. Usiku ule, katika nyumba ambamo wanawake tulilala juu ya majani makavu ya migomba kama desturi ya wafiwa inavyotaka, nilimsikia shangazi mmoja akinong'ona: "Kitinda mimba hajatoa hata chozi. Anaitazama nyumba tu." Nilikuwa na umri wa kusikia maneno hayo na si wa kuyapima. Nilidhani anamaanisha kwamba baba mdogo alitazama nyumba ili aone kama Bibi amerudi.

Kwa hiyo alipowasha moto jikoni, akamwaga unga mweusi katika maji, na kulizamisha shati lake jeupe la pekee, sote tulifurahi. Mama tu alilalamika kuhusu sufuria.

"Shemeji! Hiyo ndiyo ya maharage ya watu! Siku ya matanga tuyachemshe kwenye nini, kofia yako?"

"Nitaisugua kwa mchanga, shemeji."

"Sugua mpaka nijione sura."

Baba alipolikuta shati limeanikwa kwenye kamba, jeusi, likichuruzika, alisimama mbele yake akalitazama. Hakuwa mtu wa kusifu. "Sasa ndiyo unaonekana mfiwa," alimwambia mdogo wake, akamshika bega. Baba mdogo aliinamisha macho. Mimi niliona aibu ya mtu aliyesifiwa. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba kuna aina nyingine za aibu zinazofanana nayo sana kwa nje.

Siku hizohizo gari la matangazo lilikuwa linapita barabarani, spika juu ya paa, likitangaza bendi kabambe kutoka ng'ambo ya mpaka, itakayopiga Jumamosi alasiri katika ukumbi wa Mzee Sukari mjini Tukuyu, kabla ya kuendelea na safari yake ya Mbeya. "Njoo na umpendaye! Utacheza mpaka usahau jina!" Wanaume waliokaa msibani, wakiota moto uani, waliinua vichwa. Baba alisema bila kugeuka: "Wa nyumba hii hatulisikii gari hilo." Kila mtu alielewa. Kwetu mfiwa haendi ngomani kabla ya matanga kuondolewa. Anayekwenda huhesabiwa kwamba amemfurahia aliyekufa, na aliyemfurahia marehemu hawezi kuketi kwenye mkeka wake. Baba mdogo alikuwa hapo, akisogeza kuni. Alilisikia gari na alimsikia kaka yake.

Kitu ambacho wazee hawakukijua ni picha. Ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa duka la njiapanda, nami niliiona siku nilipotumwa kiberiti pamoja naye, kabla ya shati kutiwa rangi. Mwanamume mwenye nywele zilizomfunika uso alikuwa ameinama juu ya gita kana kwamba analing'oa kutoka ardhini. Nyuma yake walisimama wengine watatu, wote wamevaa nyeusi. Baba mdogo aliisogelea mpaka pua yake ikakaribia kugusa karatasi. Nilihesabu kuwa wale ni wafiwa wenzetu. Nilidhani, kwa mantiki ambayo bado naiona haina kasoro isipokuwa katika msingi wake, kwamba watu wanne waliovaa nyeusi na kuinamisha vichwa wamefiwa, na kwamba tangazo lilikuwa la msiba.

Jumamosi ile Mama alimtuma baba mdogo Tukuyu akanunue chumvi na sabuni za matanga. Aliomba nifuatane naye, nimsaidie kubeba. Alivaa shati lake jeusi, na juu yake lile koti la mtumba. Mvua ilitukuta kwenye kilima, ile mvua yetu nyembamba isiyo na haraka, na tulipofika mjini rangi ilikuwa imeanza kumtoka: shingo yake ilikuwa na michirizi, na mikono ilikuwa myeusi hadi vidoleni. Tulinunua chumvi, tukanunua sabuni. Kisha hakugeukia barabara ya nyumbani. Alinitazama.

"Tutapita mahali kidogo."

"Kwa wale wafiwa?"

Alisita. "Ndiyo, mama. Kwa hao."

Mzee Sukari aliitwa hivyo kwa kuwa aliuza sukari kabla ya kujenga baa. Ukumbi wake ulikuwa banda refu lenye sakafu ya saruji, na nyuma yake jenereta lilikuwa likikohoa. Yeye mwenyewe, kama ilivyokuja kufahamika, alikubaliana na dereva wa bendi, wala hakuwahi kuwasikia wapigaji. Aliambiwa ni wapiga magita kutoka ng'ambo, na akilini mwake magita kutoka ng'ambo yalikuwa na maana moja tu, nayo ni dansi la taratibu la watu wazima. Ndiyo sababu wateja wake walikuwa mafundi, madereva, na akina mama wa soko la ndizi waliokwisha kuuza, waliojifunga kanga safi na kuketi mbele kabisa, chupa za soda na bia mezani, miguu tayari kwa kucheza.

Pembeni walisimama vijana wachache waliotoka Mbeya, wamevaa fulana nyeusi zenye mafuvu na mabuti mazito. Baba mdogo alipowaona, uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sijapata kuiona tena kwake. Hakuwa amewahi kukutana na mtu mwingine anayeupenda muziki ule. Alijikausha mikono kwenye suruali akawaendea.

"Oya, mshikaji, rangi inakutoka!" alisema mmoja, na wenzake wakacheka, si kwa ubaya.

"Nimeitia mwenyewe," alisema baba mdogo.

"Tunaona. Unasikiliza akina nani?"

Hakuwa na jina la kutaja. Alieleza kuhusu koti na kaseti. Walipozidi kumtazama alifumba macho, akaanza kuutoa wimbo kwa mdomo, gita na ngoma vyote kwa pamoja, akipiga paja. Aliutoa mpaka mwisho. Naukumbuka mpaka leo. Ningeweza kuutoa hapa nilipo.

"Siujui," alisema yule kijana. Aliwageukia wengine. "Nyie mnaujua huo?" Hakuna aliyeujua. "Labda ni watu walijirekodia tu nyumbani kwao, braza. Hata bendi yenyewe pengine haipo tena."

Wakamgeuzia mgongo kwa upole, kwa kuwa wapigaji walikuwa wanapanda jukwaani. Baba mdogo alibaki amesimama, mkono wake bado upo pajani.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, chupa za soda zilitembea zenyewe juu ya meza. Sauti haikuniingia masikioni. Iliniingia mbavuni na kwenye meno. Wanawake wa ndizi walishika vifua.

"Bado wanajaribu vyombo?" mmoja alimpigia kelele mwenzake.

"Nadhani ndiyo wameanza!"

"Hee! Na huyo anayenguruma tumbo linamsokota au vipi?"

"Mpelekeeni soda baridi, jamani, mtoto wa watu atatufia!"

Wanaume walicheka mpaka wakajishika. Wale vijana wa Mbeya walirukaruka na kugongana mabega. Mzee Sukari alipita kati ya meza akiwatuliza wateja kwa viganja: "Watalainika, watalainika, wanapasha moto tu." Wimbo ukaisha, hakuna aliyepiga makofi isipokuwa pembeni kule. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa, au hivyo niliamini. Nguo nyeusi, ngoma zinazotetemesha ardhi, wanaume wanaoruka na kugongana kwa majasho, sauti isiyo ya kuimba: yalikuwa mazishi ya Bibi, yale aliyoyataka, na baba mdogo ameyatafuta mpaka ameyapata. Nilishangaa tu kwamba wengine wanacheka.

Wimbo wa pili ulikuwa wa polepole. Ngoma kubwa ilipigwa mara moja, ikasubiri, ikapigwa tena. Baba mdogo alivua koti akanipa nilishike. Alitembea hadi nafasi iliyo wazi mbele ya jukwaa. Hakurukaruka kama wale vijana. Aliinua goti, akakanyaga. Akainua la pili, akakanyaga. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umekunja ngumi kushika kitu ambacho hakikuwapo, na sote tuliozaliwa huko tulikijua kitu hicho. Alikwenda mbele, akarudi, akazunguka mahali ambapo pangekuwa na shimo. Kisha akafungua mdomo.

"Juuba!" Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kinyakyusa. "Juuba! Juuba!"

Haikuwa sauti ya mwimbaji wala ya mlevi. Mwanamke mmoja mzee wa ndizi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mwe bandu!" alisema, enyi watu. "Huyu analia kilio!" Akavua kanga ya mabegani, akaifunga kiunoni, akaingia katikati huku akimjibu kwa mlio wa juu, ule wa zamani. Hakuwa amemuuliza amefiwa na nani. Hakuhitaji. Wa pili akamfuata, wa tatu, kisha meza yote. Na madereva waliokuwa wakicheka wakaweka chupa chini na kusimama, na wazee wawili wakaanza kukanyaga. Wapigaji, ambao hawakuelewa lolote, waliona ukumbi mzima umewaka, wakazidisha sauti, nywele zikiwaruka, nyuso zao zikiwa na furaha ya watu waliosafiri mbali na hatimaye wamepokelewa. Michirizi myeusi ilimshuka baba mdogo usoni alipojifuta machozi. Nilisimama na koti lake na mfuko wa chumvi, nikalia kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kulia, na nilikuwa na raha kubwa.

Kisha jenereta likazimwa.

Mzee Sukari mwenyewe alikuwa amelikimbilia. Magita yalikatika, taa zilikufa, na katika ukumbi wenye mwanga hafifu wa milangoni ilibaki sauti ya baba mdogo peke yake, ikiita, ikikanyaga, mpaka nayo ikagundua kwamba iko peke yake.

"Msiba katika biashara yangu!" alipiga kelele Mzee Sukari. "Nani kafa? Nani kaleta maiti hapa?"

Yule mwanamke mzee alimshika baba mdogo kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "We ni mtoto wa nani?"

Alimtaja mama yake.

"Wa Mpuguso? Aliyekuwa akileta ndizi pamoja nasi?" Aliangalia huku na huku. Aliiona bia mezani, akaliona jukwaa. Niliona kilio kikimtoka usoni na kitu kingine kikikaa mahali pake. "Matanga yake hayajaondolewa. Nami ningefika siku hiyo. Umetoka kwenye msiba wa mama yako ukaja dansini?"

"Mama, nimekuja kumlilia."

"Umemlilia baa." Alifungua kanga kiunoni, akairudisha mabegani, taratibu, pindo kwa pindo. "Umetufanya tumlilie mwenzetu kwenye baa." Wenzake nao wakafungua zao.

Bendi haikuendelea. Wateja walidai viingilio vyao, wapigaji walifunga vyombo wakiulizana kwa lugha yao, na wale vijana wa Mbeya walipita mlangoni bila kumtazama baba mdogo. Alikuwa amesikia nyimbo mbili.

Tulirudi kwa miguu chini ya mvua. Nilimshika kidole cheusi. Nilikuwa na mengi ya kusema, nikayasema: jinsi Bibi atakavyokuwa ametulia sasa, jinsi Baba atakavyofurahi kusikia kwamba watu wasiomjua walimlilia. "Tumemzika vizuri, siyo?" nilimuuliza.

"Vizuri, mama."

"Hatarudi kutusumbua."

"Hatarudi," alisema.

Mtu wa pikipiki alikuwa ametutangulia na habari. Uani wazee walikuwa wamekaa kuzunguka moto, na Baba alikuwa amesimama. Mama alinivuta ndani, lakini ukuta wa jiko ulikuwa wa mianzi, na nilisikia.

"Umetoka wapi, Ambakisye?"

"Tukuyu, kaka."

"Kufanya nini?"

"Kumlilia mama."

Mzee mmoja alicheka kwa pua. "Kwa Mzee Sukari?"

"Ndiko ngoma ilikokuwa."

"Kaburi liko hapa nyuma ya nyumba," alisema Baba. Sauti yake ilikuwa chini, na kwake hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Ulishika koleo. Watu wote walikuwa hapa, walikuja kukusaidia kulia. Mbona hukulia?"

"Mlikuwa mnaimba, kaka," alisema. "Sikupata pa kuanzia."

"Na lile shati?"

Hakujibu hilo. Nilimsubiri ajibu, nilijua jibu, kwamba ni shati la msiba, na nilitaka kutoka nikawaambie. Mama alikuwa amenishika kwa nguvu, mkono wake mdomoni pangu, na machozi yake yalikuwa yananidondokea utosini. Yeye alikuwa ameelewa kwamba jibu lolote lisingefaa kitu, na hakukosea.

Siku ya kuondoa matanga wafiwa walinyolewa, maharage yakapikwa katika sufuria iliyosuguliwa hadi kung'aa, na wazee wakatandika mkeka mbele ya mlango wa Bibi. Baba mdogo alisimama kando ya migomba, amenyoa kama wengine, kwa kuwa kunyoa hakuna aliyemkataza. Wakamwita Baba. Baba alitembea hadi kwenye mkeka akaketi. Hakumtazama mdogo wake, na nilipokuwa mtu mzima aliniambia kwamba angemtazama asingeweza kuketi, na kama asingeketi mkeka ungekwenda kwa watu wa upande mwingine wa ukoo. Nimelipima jibu hilo mara nyingi. Naliona ni la kweli, na halinisaidii.

Sisi ndio tuliohamia katika nyumba ile. Nililala katika chumba chake. Yeye aliondoka wiki hiyohiyo akiwa na koti na kaseti; redio aliiacha kwa kuwa ilikuwa ya Bibi. Kazi ya kiwandani aliiacha pia. Tulisikia yuko Mbeya, kisha mpakani anapakua mizigo, kisha kwamba anakunywa, na kwamba masikio yamekufa hivi kwamba watu humwita kwa kumgusa. Baba alimtumia ujumbe mara kadhaa kwa madereva, arudi ajengewe chumba. Hakuna dereva aliyeleta jibu. Habari za kufa kwake zilitufikia akiwa amekwisha kuzikwa na watu wa mtaa ambao hawakujua kwao ni wapi. Baba alisafiri kwenda kuonyeshwa kaburi. Alionyeshwa eneo lenye vilima vingi vya udongo visivyo na alama, na kijana aliyemwongoza alikuwa mkweli, akamwambia hakumbuki ni kipi.

Niliporudi nyumbani baada ya ile siku ya karakana, nilimkuta Baba kibarazani na blanketi magotini. Amezeeka, naye bado ni mzee wa kanisa. Nilimwambia kwamba nimekuwa nikiutafuta wimbo wa ile kaseti. Simu siku hizi ina muziki wa dunia nzima. Nimesikiliza mamia ya nyimbo za aina ile, usiku baada ya usiku, kwa utaratibu, bendi baada ya bendi, na sijaupata. Nilimpa simu, nikamwekea mmoja wapo, wa polepole.

Aliishika sikioni kwa mikono miwili. Nilingoja anirudishie. Hakunirudishia, aliusikiliza wote, kichwa kimeinama, hadi kelele ile ndogo inayovuja pembeni mwa sikio ilipokoma.

"Huyu kijana," aliniuliza, "amefiwa na nani?"

Maneno ya mwimbaji sikuyashika, kwa kuwa aliyanguruma. Nilimjibu Baba kwamba sijui.

Alitikisa kichwa polepole, akiitazama migomba. "Na hakuna hata mtu mmoja aliyemwitikia," alisema. Kisha akaniomba nimsaidie kuingia ndani, kwa sababu baridi ilikuwa imeanza.